Arudi Kufanya Nini? Utengamao Baada ya Jeraha la Ubongo

Mgonjwa aliyefunguliwa fuvu na kutolewa damu iliyovilia akiruhusiwa kurudi nyumbani, karatasi yake huwa na mambo matatu: jina la jeraha, dawa za kumeza, na tarehe ya kurudi kliniki. Kwa daktari wa upasuaji kazi imekwisha, tena imekwisha vizuri, kwa kuwa mtu yu hai. Kwa mgonjwa na nduguze kazi ndiyo kwanza inaanza, na hii ya pili haina karatasi.

Wapo wataalamu wanaoifanya kazi hiyo ya pili kwa kuanza na swali. Kabla ya kupanga zoezi lolote, humwuliza mgonjwa anataka kurudi kufanya nini, na jibu lake ndilo linalopanga mengine yote. Njia hii huitwa utengamao unaomzingatia mtu. Msomaji anaweza kudhani ni suala la adabu tu, au jambo la nchi zenye fedha za kuchezea. Ili tujue kama ni hivyo, itabidi kwanza tupite hatua kwa hatua katika yale yanayotokea kwenye ubongo uliojeruhiwa, na namna ubongo huo unavyojifunza.

Tuanze na istilahi. Utengamao ni jumla ya huduma zinazomwezesha mtu aliyepata maradhi, jeraha au ulemavu kufanya mambo mengi iwezekanavyo katika mazingira anamoishi. Jeraha la ubongo, kwa maana ya makala haya, ni uharibifu unaompata mtu baada ya kuzaliwa: pigo la kichwa, kiharusi, kukosa oksijeni, homa ya uti wa mgongo, malaria kali. Hapa tutajifunga zaidi kwenye pigo la kichwa, ambalo katika Afrika Mashariki ya leo mara nyingi huanzia kwenye bodaboda.

Ukali wa pigo hupimwa kwa kipimo cha Glasgow, kilichotungwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett. Kipimo hiki hutazama mambo matatu, yaani jinsi macho yanavyofunguka, maneno anayojibu mgonjwa, na mwendo wa viungo vyake, kisha hutoa alama kati ya 3 na 15. Alama 13 hadi 15 ni jeraha dogo, 9 hadi 12 ni la wastani, 8 kushuka chini ni kali. Ni chombo bora cha kuamua nani akimbizwe chumba cha upasuaji. Hakikutungwa kueleza kama mtu huyo, miezi sita baadaye, ataweza kurudisha chenji sawasawa.

Sababu ni kwamba yanayoharibika hayako mahali pamoja. Ubongo ni laini na fuvu lina kingo kwa ndani. Kichwa kinaposimamishwa ghafla, ubongo huendelea kusukumwa, na sehemu zake za mbele na za pembeni hukwaruzwa na kingo hizo. Wakati huohuo nyuzi ndefu zinazounganisha sehemu mbalimbali huvutika, nyingine hukatika. Saa na siku zinazofuata, uvimbe na upungufu wa oksijeni huongeza hasara juu ya hasara.

Mkono uliopooza huonekana na kila mtu. Sehemu za mbele na za pembeni, hata hivyo, zinashughulika zaidi na mambo yasiyoonekana: kushika jambo kichwani, kuelekeza umakini, kuanza kazi na kuimaliza, kupanga kipi kitangulie, kuzuia ulimi na hasira. Ndiyo maana baada ya wiki kadhaa majirani huja, humkuta mgonjwa ameketi barazani anaitikia salamu vizuri, nao huondoka wakisema kumbe amepona.

Baada ya hapo kuna njia tatu za kupata nafuu. Ya kwanza ni uvimbe kupungua na sehemu zilizozimika kwa muda kuamka, jambo ambalo hutokea zaidi katika miezi ya mwanzo. Ya pili ni ubongo kujipanga upya kutokana na matumizi: njia zinazotumika mara kwa mara huimarika. Ya tatu ni kufidia, yaani kulifikia lengo lilelile kwa njia nyingine au kwa chombo. Ya kwanza haimngoji mtu yeyote. Ya pili na ya tatu hutegemea nini kinafanyiwa mazoezi, na hapo ndipo mjadala wetu unapoanzia.

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa dalili zake ni za kawaida kabisa. Fundi cherehani, mama wa miaka 34, mwenye fremu yake karibu na soko, ameanguka kutoka kwenye bodaboda. Alifika hospitali akiwa na alama 10. Miezi miwili baadaye anatembea, anaongea, anakula mwenyewe. Lakini akipewa kitambaa hukata kabla ya kupima. Akipima, husahau vipimo kabla hajafika mezani. Vitambaa vya wateja watatu vikiwa mbele yake, hajui kipi ni cha nani. Ikifika saa nne asubuhi amechoka kama aliyelima kutwa, na kelele za sokoni humfanya afoke kwa namna isiyokuwa yake.

Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilipitisha mfumo wa kuyaweka mambo kama haya katika tabaka. Tabaka la kwanza ni la mwili: kumbukumbu na umakini vimepungua. La pili ni la shughuli: hawezi kushona sketi tangu mwanzo hadi mwisho. La tatu ni la ushiriki: hana tena nafasi yake sokoni, hachangii ada ya watoto, hatajwi tena miongoni mwa mafundi. Pembeni ya tabaka hizo mfumo unaweka mazingira (fremu, kelele, kaka anayelipa kodi) na mambo binafsi ya mtu (umri, ujuzi, tabia yake). Jambo la kuzingatia ni kwamba tabaka hizi hazifuatani kwa lazima. Kumbukumbu inaweza kuboreka na fremu ikabaki imefungwa. Vilevile fremu inaweza kufunguliwa ilhali kumbukumbu imebaki palepale.

Sasa tuulize: mtaalamu aanzie tabaka lipi? Jibu linalokuja haraka ni la kwanza. Kumbukumbu imepungua, basi izoezwe. Apewe orodha ya maneno ishirini akariri, leo, kesho na keshokutwa, mpaka kumbukumbu ipate nguvu kama msuli.

Tatizo ni kwamba kumbukumbu si msuli. Anayekariri orodha za maneno huwa hodari wa kukariri orodha za maneno, na mara nyingi faida huishia hapo. Ujuzi uliopatikana kwenye zoezi hauhami wenyewe kwenda kwenye shughuli nyingine, na kwa ubongo uliojeruhiwa uhamaji huo ni mgumu zaidi, kwa kuwa unadai kuuona mfanano kati ya hali mbili na kuamua kutumia hapa kilichojifunzwa kule. Uwezo huohuo ndio ulioumia. Kwa hiyo fundi wetu akitakiwa ashone, zoezi lake ni kushona, kwa futi kamba, chaki na cherehani, ikiwezekana cherehani yake. Na huwezi kujua kwamba zoezi lake ni kushona kabla hujamwuliza alikuwa nani.

Hoja ya pili inatoka kwenye namna ya kufundisha. Wengi wetu tulilelewa kwamba mtu hujifunza kwa kukosea. Mwaka 1994 Alan Baddeley na Barbara Wilson walionyesha kwamba kwa watu waliopoteza sana kumbukumbu ya matukio, kanuni hiyo inageuka kuwa madhara. Mtu anayekumbuka hukosea, akasahihishwa, na kesho akakumbuka kwamba alisahihishwa. Asiyekumbuka hubaki na alama ya kosa bila kumbukumbu ya masahihisho, kwa kuwa mazoea huhifadhiwa kwa njia nyingine ambayo mara nyingi haikuharibika. Kesho mkono wake hurudia kosa kwa ujasiri zaidi. Hivyo yafaa afundishwe kwa kuzuiwa asikosee: aonyeshwe hatua, aifanye mara moja, airudie ikiwa sahihi, na msaada upunguzwe polepole.

Kwa fundi wetu maana yake ni karatasi ya hatua iliyobandikwa ukutani: pima, andika, bandika jina la mteja kwenye kitambaa, chora kwa chaki, hakiki, kata. Mkasi hauguswi mpaka vipimo viwe vimeandikwa. Mwanzoni mtu anakaa naye, na mkono unapoelekea kwenye mkasi kabla ya wakati, anauzuia kosa halijatokea. Kazi ya namna hii ni ya kuchosha na haina maajabu. Lakini tazama inavyodai kumjua mtu: ni lazima ufahamu yeye huanza wapi, huweka chaki upande gani, wateja wake huja saa ngapi.

Hoja ya tatu ni kongwe zaidi na inahitaji tukae nayo kidogo. Mwaka 1943, katika mapigano ya Smolensk, askari kijana wa Kisovieti, Lev Zasetsky, alipigwa risasi iliyoharibu sehemu ya nyuma ya ubongo wake upande wa kushoto. Alikuwa mwanafunzi wa uhandisi. Alipozinduka, nusu ya kulia ya vitu haikuonekana, herufi hazikuwa na maana, na hakuweza kutofautisha “baba wa kaka” na “kaka wa baba”. Kila neno alilijua peke yake, ila uhusiano kati ya maneno ulikuwa umevunjika. Aliyemtibu, Alexander Luria, alikuwa akiongoza hospitali ya utengamao wa majeruhi wa ubongo huko Ural.

Kijana huyo alijaribu kujifunza kuandika herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza, akashindwa. Siku moja akaambiwa asifikirie herufi, aandike neno zima kwa mpigo bila kuinua kalamu. Akaandika. Mkono ulikuwa umehifadhi mwendo ambao jicho na fikra vilikuwa vimepoteza. Kusoma alichoandika ilikuwa shida kubwa, hata hivyo aliendelea, na katika muda wa miaka 25 hivi alijaza kurasa zipatazo 3,000 za maelezo ya maisha yake, siku nyingine akipata sentensi moja au mbili tu. Luria alichapisha kisa hicho mwaka 1971.

Kuna mambo mawili ya kuchukua hapa. Kwanza, Luria hakutosheka na kuorodhesha kilichovunjika. Alitafuta kilichobaki, akapitisha kazi humo. Kilichobaki hakionekani kwa kipimo cha jumla. Hujulikana kwa kuyafuata maisha ya mtu, kwa kuwa mwendo wa kalamu uliozama mkononi ni matunda ya miaka ya kuandika. Pili, kwa Zasetsky sehemu za mbele za ubongo zilikuwa salama. Alijua alichopoteza, alitaka kukirudisha, na aliweza kushikilia nia hiyo miaka nenda miaka rudi. Tukumbuke hilo, kwani si wote wenye bahati hiyo, na tutalirudia.

Mpaka hapa tumeona kwa nini swali linaulizwa. Linaulizwaje? Si kwa kumwambia mtu ataje malengo yake. Ukimwuliza hivyo fundi wetu atasema, “Nataka kupona,” na hilo si lengo la kufanyia kazi. Mtaalamu mzoefu huanza mbali: “Dada, kabla ya ajali siku yako ilikuwaje?” Humo hutoka kuamka alfajiri, kufungua fremu, mteja wa kwanza, chai ya saa nne kwa mama wa jirani, msimu wa sare za shule kila Desemba na Januari. Kisha huulizwa ni kipi kati ya hivyo anachokikosa zaidi.

Jibu huamua mengi. Akisema anakosa fedha ya ada, huenda kuuza nguo zilizokwisha shonwa kukatosha, na mafunzo yataelekea kwenye kuhesabu na kutunza daftari. Akisema anakosa kuitwa “fundi”, kuuza nguo za watu wengine hakutamtosha hata kukimletea fedha nyingi zaidi. Tabaka la mwili ni lilelile katika hali zote mbili, lakini mpango wa utengamao ni tofauti kabisa.

Lengo likishapatikana huandikwa kwa namna inayopimika. Thomas Kiresuk na Robert Sherman walitunga mwaka 1968 ngazi ya alama tano, kutoka −2 hadi +2, ambayo sifuri yake ni matokeo yanayotarajiwa. Kwa fundi wetu, sifuri ya miezi mitatu inaweza kuwa kushona sketi moja ya shule kutoka kupima hadi kupiga pasi, kwa kufuata karatasi ya ukutani bila kukumbushwa na mtu. Moja zaidi ni kuifanya hivyo huku vitambaa vya wateja wawili vikiwa mezani. Moja pungufu ni kuimaliza akiwa amekumbushwa. Kila mgonjwa ana ngazi yake, na bado maendeleo ya wagonjwa tofauti yanaweza kulinganishwa, maana kinacholinganishwa ni kila mmoja amesogea kiasi gani kwenye lengo lake.

Sasa tuukabili ugumu tuliouacha nyuma. Itakuwaje ikiwa kiungo kilichoumia ndicho kile kinachopanga malengo? Wapo wagonjwa, hasa wa majeraha ya sehemu za mbele, wasiotambua kwamba wamebadilika. Huyu si mtu mbishi, wala si mtu anayeficha aibu, ingawa aibu nayo ipo. Uwezo wa kujitazama ni kazi ya ubongo sawa na kuona, na unaweza kuharibika. Ukimwuliza anataka kufanya nini, atasema kesho anafungua fremu, na hahitaji karatasi ya mtu ukutani.

Bruce Crosson na wenzake waligawa utambuzi huu, mwaka 1989, katika ngazi tatu. Ya chini ni kujua kwa maneno: “Naambiwa nasahau.” Ya kati ni kutambua tatizo linapotokea: “Hapa nimekata kabla ya kupima.” Ya juu ni kuliona kabla halijaja: “Leo kuna kelele, nikiendelea nitakosea, nipumzike.” Mtu anaweza kuwa kwenye ngazi ya chini, akaeleza kasoro zake vizuri mbele ya daktari, na bado kila siku akatenda kama asiyezijua. Familia humwona mnafiki, kumbe ni kwamba ngazi mbili za juu hazijajengwa.

Kumzingatia mtu kama huyu hakumaanishi kumkubalia kila asemalo. Wala hakumaanishi kumwambia kwamba amekwisha, kwani maneno hayamfikii, au yanamfikia na kumvunja. Njia inayotumika ni kuligeuza lengo lake kuwa jaribio. Anataka kushona kesho? Vema, ashone, kwa kitambaa cha bei nafuu, akiwa ametabiri kabla itamchukua muda gani na atakosea mara ngapi. Baadaye akae na mtaalamu walinganishe. Hapa kosa linaruhusiwa kwa makusudi, na msomaji makini atauliza kama hatujipingi. Hatujipingi, kwa sababu mbinu hizi mbili ni za shabaha mbili: kuzuia kosa ni kwa kujenga mazoea, na kuruhusu kosa ni kwa kujenga utambuzi. Ustadi uko katika kujua leo unajenga kipi.

Jaribio hilo hugusa jambo lililo chini zaidi ya ujuzi. Kurt Goldstein, aliyehudumia majeruhi wa ubongo huko Frankfurt wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliona kwamba mgonjwa anayeshindwa kazi iliyokuwa nyepesi kwake hapatwi na kero tu, bali hutikisika nafsi nzima: hutetemeka, hulia, hukasirika, hukimbia. Ni mshtuko wa mtu aliyekutana na yeye mwenyewe akawa hamtambui. Baada ya mishtuko kadhaa huacha kabisa kujaribu, na wanaomzunguka husema amekuwa mvivu.

Mwaka 2009 Fergus Gracey, Jonathan Evans na Donna Malley waliuchora utengamao kwa umbo la herufi Y. Mikono miwili ya juu ni umbali kati ya mtu anavyojiona sasa na vile anavyotaka au alivyokuwa. Kazi ya mwanzo ni kuikaribianisha mikono hiyo kwa majaribio madogo yenye maana kwake, mpaka ikutane. Mguu wa herufi ni miaka ya kuimarisha maisha mapya baada ya hapo. Mchoro huu ulikua kutokana na kazi ya kituo cha Oliver Zangwill, kilichofunguliwa Ely, Uingereza, mwaka 1996, mwanzilishi wake akiwa Barbara Wilson tuliyekwisha kumtaja.

Mtu ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni mazingira. Wengi waliosoma saikolojia wanamjua Phineas Gage, msimamizi wa ujenzi wa reli huko Vermont, Marekani, ambaye mwaka 1848 chuma cha zaidi ya mita moja kilimpenya shavuni kikatokea juu ya kichwa. Husimuliwa kama mfano wa mtu aliyeharibika tabia moja kwa moja. Husahauliwa kwamba mwaka 1852 alikwenda Chile, akaendesha magari ya abiria ya kukokotwa na farasi kwa miaka kadhaa. Mwanahistoria wa saikolojia Malcolm Macmillan amejenga hoja kwamba kazi ile yenye saa zilezile, njia ileile na mpangilio uleule ilimpa kwa nje muundo ambao ubongo wake haukuweza tena kumpa kwa ndani. Hoja hiyo inapatana na yote tuliyoyaona.

Mazingira yanaweza pia kuwa chombo. Larry Treadgold, mhandisi wa Marekani ambaye mwanawe alipata jeraha la ubongo, alishiriki kubuni mfumo wa kutuma vikumbusho kwenye kifaa kidogo cha kufungwa kiunoni. Mwaka 2001 Wilson na wenzake waliripoti matokeo ya kukijaribu kwa watu 143, na zaidi ya asilimia 80 ya waliomaliza jaribio walifanya shughuli zao za kila siku kwa mafanikio zaidi wakiwa nacho. Leo simu ya batani yenye kengele inaifanya kazi hiyo. Lakini kifaa hakijui kimkumbushe mtu nini. Hilo linarudi kwenye swali letu la mwanzo.

Je, kuna ushahidi kwamba njia yote kwa jumla inafaa? Upo, na haufanani. Keith Cicerone na wenzake huko New Jersey walichapisha mwaka 2008 jaribio la watu 68: nusu walipata utengamao wa kawaida, nusu mpango uliounganisha fikra, hisia na maisha ya mtu. Katika vipimo vya mezani vya kumbukumbu na umakini, makundi yote mawili yaliboreka. Tofauti ilijitokeza katika maisha: kundi la pili lilishiriki zaidi katika jamii na lilijiamini zaidi. Kwa upande mwingine, mapitio ya tafiti 39 juu ya kuweka malengo, yaliyoongozwa na William Levack mwaka 2015, yalikuta manufaa katika ubora wa maisha na kujiamini, ila yalionya kwamba ushahidi wenyewe ni dhaifu.

Kuna utafiti wa tatu unaotuhusu zaidi. Mwaka 2000 Andres Salazar na wenzake waliripoti juu ya wanajeshi 120 wa Marekani wenye majeraha ya wastani na makali. Kundi moja lilikaa hospitali ya Walter Reed kwa mafunzo ya wiki nane. Jingine lilirudi nyumbani na mazoezi, likipigiwa simu na muuguzi mara moja kwa wiki. Baada ya mwaka, waliorudi kazini walikuwa asilimia 90 kwa kundi la hospitali na 94 kwa kundi la nyumbani. Tusilichukue jaribio hili zaidi ya linavyosema: walikuwa vijana, wenye mwajiri aliyewangoja, na wale waliopoteza fahamu kwa zaidi ya saa moja walinufaika zaidi na hospitali katika kufaa tena kwa jeshi. Hata hivyo linabomoa dhana moja, kwamba bila jengo la gharama hakuna kinachofanyika.

Tanzania ina taasisi ya mifupa na mishipa ya fahamu, MOI, na hospitali za rufaa kama KCMC, ambako mtu aliyeumia kichwa hupata upasuaji. Tanzania na Kenya zote zimeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, ambao ibara yake ya 26 inataka huduma za utengamao zianze mapema na zipatikane karibu na jamii, vijijini pia. Wataalamu wa kuzitoa ni wachache kuliko mahitaji. Basi kwa sehemu kubwa mtoa utengamao ni yule ndugu aliyelala sakafuni kando ya kitanda hospitalini.

Ndugu huyu ana nguvu ambayo kituo cha wataalamu hakina: anamjua mgonjwa tangu utoto, na yupo naye siku saba za wiki. Ana udhaifu pia, na udhaifu wake mkubwa ni huruma. Kwetu mgonjwa hupumzishwa. Anayemwachia fundi wetu aoshe vyombo mwenyewe, apike, aende dukani, ataulizwa na shangazi kama hana utu. Kwa mguu uliovunjika mapumziko ni dawa. Kwa ubongo uliokwisha tulia, ambao njia zake huimarika kwa kutumiwa, kumnyima mtu shughuli zake zote kwa miezi ni kumnyima dawa. Achoke, apumzike saa moja, kisha arudi kwenye shughuli: huo ndio mpangilio unaotakiwa.

Kuna pia suala la nani hasa ni “mtu” anayezingatiwa. Tuseme kaka ameshapangisha cherehani ili kulipia matibabu, na mama ameamua binti arudi kijijini. Walioamua hivyo hawana ubaya, wala hawana chaguo nyingi. Mtaalamu anayekaa na mgonjwa peke yake chumbani, akaandika lengo la kufungua fremu, ameandika lengo ambalo kaka atalifuta jioni. Mazungumzo ya lengo sharti yamhusishe kaka na mama tangu siku ya kwanza. Lakini kuwahusisha ni jambo moja, na kuwaachia wamsemee ni jingine. Mgonjwa aliyepoteza kumbukumbu ya jana bado anajua anachokipenda, na anayeongea polepole apewe muda wa kumaliza sentensi kabla shangazi hajaimalizia.

Sasa tunaweza kuhukumu. Swali la “arudi kufanya nini” si adabu iliyoongezwa juu ya tiba. Ni sehemu ya tiba yenyewe, kwa sababu ubongo uliojeruhiwa hauhamishi ujuzi kwa urahisi, huzoea kile tu kinachorudiwa, hupita katika njia zilizobaki, na hukataa kujaribu palipo na aibu bila maana. Asiyeuliza swali hilo hufundisha kitu kisichohitajika, kwa mtu asiyemjua. Wala si swali la nchi tajiri: kuliuliza hakugharimu zaidi ya nusu saa na mkeka wa kukalia.

Kwa hiyo karatasi ya kumruhusu mgonjwa wa kichwa iongezwe mistari mitatu. Kabla ya kuumia alikuwa akifanya nini. Anataka kuanza na kipi. Nani nyumbani atakaa naye akijaribu, na simu ya kumwuliza habari atapigiwa siku gani. Hospitali yoyote inaweza kuanza kuchapa karatasi hiyo wiki hii. Na wewe msomaji, ukiwa na ndugu aliyeruhusiwa bila mistari hiyo, kaa naye mwijaze wenyewe.